Jina Lilifutwa, Mdomo Ukabaki

Kabla ya kumwita shahidi hata mmoja, kamati ya uchunguzi ya Halmashauri ya Mikokoni iligombania mlango asubuhi nzima. Ufungwe au uachwe wazi?

"Uachwe wazi," alisema Bi Zeyana. Hakuwa mjumbe. Alikuwa mama wa marehemu, na alisimama pale kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Mwanangu hakufa faraghani. Kafia kituo cha afya, mchana, watu wanapita. Basi na nyie semeni watu wakisikia."

"Tunakuelewa, Bi Zeyana," alisema mwenyekiti, Mheshimiwa Mrisho, diwani mwenye sauti ya kubembeleza hata anapokataa. "Lakini wauguzi wakiona umati watatuimbia wimbo mmoja tu: hatujui."

"Kwani sasa hivi wanaimba upi?"

Wajumbe wawili walicheka, kisha wakaona haya wakainamia makabrasha yao.

Shamsia, katibu wa kamati, hakucheka. Alikuwa mwanamke wa Bagamoyo mjini, mama wa watoto watatu, mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na asiyependa maneno ya kuzunguka. Kanuni za kudumu alizijua. Baraza la madiwani hukaa wazi, ila likiamua laweza "kukaa kama kamati", na hapo wageni hutolewa nje. Kwa kamati ya uchunguzi kanuni hazikusema kitu. Kamati ilitakiwa kujitungia utaratibu wake yenyewe. Madiwani walikuwa wameshasema saa mbili bila kutunga hata mstari. Akachukua kalamu akatunga yeye.

"Nisomee," alisema Mrisho.

"Ushahidi utatolewa faraghani, na jina la shahidi halitaandikwa popote. Matokeo yatasomwa hadharani mbele ya baraza, bila kufichwa."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, wengi wao kwa njaa.

"Mlango nusu," alisema Bi Zeyana.

"Mlango nusu, mama. Lakini utasikia yote."

"Kwa maneno ya watu? Au kwa yale yenu, changamoto ya vifaa tiba?"

"Kwa maneno ya watu," Shamsia akamwambia.

Alijua kwa nini mama yule aling'ang'ania. Mwanawe, Nasrin, alikuwa na miaka minne, kifua kilimbana siku ya Ijumaa, na jioni yake alizikwa. Karatasi ya kituo iliandikwa kwamba alifikishwa akiwa ameshafariki. Kwa karatasi hiyo ukoo wa mume ukawa umeshahukumu: mama kazembea, kakaa na mtoto ndani akimkanda kifua mpaka roho ikatoka. Mume akarudi kwao Pangani bila kuaga. Bi Zeyana hakutaka mtu afungwe, hakutaka fidia. Alitaka jambo moja, watu wasikie kama mwanawe alifika hai.

Shahidi wa tatu alikuwa muuguzi, Mize. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu atakayeondoka sasa hivi.

"Jina langu litaandikwa?"

"Halitaandikwa," alisema Shamsia.

"Mwenzenu nina mama kitandani. Kapooza upande mmoja, mwaka wa tatu huu. Asubuhi namgeuza mimi, jioni namgeuza mimi. Nikihamishwa hapa, nani atamgeuza?"

"Utakuwa shahidi namba tatu, basi. Hapatakuwa na mtu atakayejua. Nakuahidi mimi."

Kanuni haikumtuma kuahidi. Aliahidi kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sababu alitaka yule dada aseme, naye akasema.

"Mtoto kaja yuko hai. Anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani, lakini hai, kanishika kidole. Mwenzenu nikakimbilia mtungi wa oksijeni. Mtungi mtupu. Siku ya tisa hiyo mtupu, na nilishasema, nikaambiwa subiri. Mwenzenu nikampulizia kwa ule mfuko wa mkono, nikampulizia, dakika arobaini. Mama yake nimemtoa nje, namsikia anaomba dua. Alipokata roho mganga mfawidhi akaniambia, andika kafikishwa amefariki. Nikaandika." Akautazama mkono wake wa kulia. "Kwa mkono huu."

Mheshimiwa Mrisho akavua miwani. Shamsia aliandika kila neno. Chuoni walimfundisha kwamba maneno ya shahidi ni ya shahidi. Ukiyapiga pasi hayasimami tena kama ushahidi.

Siku ya kuandaa taarifa Mrisho alitaka mambo yafupishwe. "Tuseme tu kwamba palikuwa na upungufu wa oksijeni na dosari katika kumbukumbu."

"Nilimwahidi mama wa mtoto maneno ya watu, mheshimiwa."

"Unaahidi sana, Shamsia."

Lakini alimwachia. Shamsia akaipitia taarifa kama anayechambua mchele. Akatoa jina. Akatoa cheo, akatoa zamu, akatoa habari ya mama aliyepooza na ya mkono ulioandika karatasi. Yaliyobaki angeweza kuyasema muuguzi yeyote kati ya wanne wa siku ile. Akasoma mara tatu. Chuya haikuonekana. Akaipeleka kudurufiwa.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Bi Zeyana alikaa mbele, katikati ya majirani wawili. Mganga mfawidhi wa kituo, Mundhir, alikaa upande wa wakuu wa idara, suti yake imenyooka. Wauguzi wa zamu walikuwa kazini, Mize miongoni mwao, na Shamsia alishukuru kwa hilo.

Mrisho akasoma polepole. "Shahidi namba tatu alisema: mtoto kaja yuko hai."

Bi Zeyana akatoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno. Jirani akamshika bega. Mwenyekiti akaendelea.

"Mwenzenu nikakimbilia mtungi wa oksijeni."

Nyuma ya ukumbi mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyemtambua mwenzake kwa mbali.

"He! Si Dada Mwenzenu huyo?"

"Nani?"

"Nesi wa wodi ya watoto! Mize! Nani mwingine? Hawezi kusema maneno mawili bila mwenzenu. Mpaka wagonjwa wanamwita hivyo."

"Kweli bwana, ndiye!"

Jina likapita benchi hadi benchi, likatoka madirishani. Mrisho akagonga meza akaomba utulivu.

Shamsia akaifunua nakala yake akalitafuta neno hilo, mwenzenu. Neno lenyewe lilikuwa la kawaida. Wanawake wa pwani wakisimulia yaliyowapata hujiita mwenzenu. Mama yake mzazi alisema hivyo, shangazi zake walisema hivyo, naye nyumbani pia. Ndiyo maana sikio lake halikulishika, kama mtu asivyoisikia harufu ya nyumba yake. Lakini Mize alilisema kupita wote mpaka Mikokoni wakalifanya jina. Shamsia alikuwa akitoka kazini saa kumi kamili kuwahi watoto Bagamoyo, na majina ya utani ya Mikokoni hakuyajua. Alifuta jina akaacha mdomo.

Mundhir hakucheka wala hakugeuka. Alifungua kalamu yake, akaandika kitu kifupi, akaifunga.

Mbele pale Bi Zeyana alikuwa amesimama, kanga imemshuka mabegani, akiwaambia majirani, wajumbe, ukuta. "Alikuwa hai! Mmesikia? Nilimfikisha hai!"

Wiki tatu baadaye Mundhir alipewa barua ya onyo. Mize alipewa barua ya uhamisho, kwa maslahi ya utumishi, zahanati ya mkoa mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Ofisi iliyoandika barua ilisema mambo hayo mawili hayahusiani.

Shamsia akaiandikia kamati akiomba imtetee shahidi wake. Kamati ikakaa, mlango ukafungwa. Kwa saa moja na nusu wakasema, yeye akaandika. Mwisho wa yote wakaazimia kwamba jina la shahidi halikutajwa mahali popote, kwa hiyo kanuni haikuvunjwa na kamati haina la kufanya.

"Kosa si la kanuni, Shamsia," alisema Mrisho, taratibu kabisa.

"La nani, mheshimiwa?"

"Andika kikao kimefungwa saa tano."

Akaandika. Kesho yake hakwenda ofisini. Alikwenda kwa Mize.

"Hodi."

"Karibu. Viatu usivue, nyumba imeshakuwa uwanja."

Mize alikuwa anafunga masufuria ndani ya shuka. Nje dereva wa gari la kuwapeleka Msata, wakapande basi la bara, alikuwa anapiga honi za kuharakisha. Kitandani mama yake alikuwa macho. Shamsia akamwamkia shikamoo. Mama akaitika marahaba kwa nusu ya mdomo iliyobaki na nguvu.

"Mlikaa jana, nimesikia," alisema Mize.

"Tulikaa."

"Mkasema nini juu yangu?"

Kikao kilikuwa cha faragha. Kwa kanuni aliyoitunga yeye mwenyewe, jibu lilikuwa hakuna jibu. Shamsia akayatazama masufuria.

"Wamesema jina lako halikutajwa."

Mize akamkazia macho. "Kweli. Halikutajwa." Akakaza fundo la shuka kwa meno.

"Nisamehe, Mize. Niliisoma mara tatu. Nilitoa kila kitu nilichokiona."

"Najua. Bi Zeyana alikuja juzi, kanishika miguu analia. Mumewe kampigia simu?"

"Kampigia. Hajarudi, lakini kapiga."

"Haya. Hilo limekwenda vizuri."

"Huko mnakokwenda nani atakusaidia na mama?"

"Sijui. Unataka nikwambie nini?" Sauti ikapanda, mama kitandani akageuza jicho, Mize akaishusha. "Nina hasira na wewe, Shamsia. Usidhani nitaiacha Msata. Nitakuwa nayo miaka. Tena nilisema kweli, na ungeniita leo ningesema tena, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Sasa usilie hapa, sina nafasi. Shika miguu, mimi nishike mabega. Huo upande wa kushoto usiukunje, unamuuma."

Shamsia akashika. Mama alikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia, magoti yake baridi kama vyombo vya udongo. Walipofika sebuleni mama akaguna kwa maumivu, na Shamsia akasita.

"Usisimame," alisema Mize. "Ukisimama ndiyo anaumia. Twende."