Zamu ya Kaluki Kutafsiri

Wifi yangu Kaluki alikuwa na tamaa moja tu duniani: asimame madhabahuni kando ya mhubiri mgeni, amtafsirie. Ukisali makanisa yetu ya huku Makueni unajua mambo haya. Mgeni anasema sentensi moja ya Kiingereza, ananyamaza, na mkalimani anaipokea kwa Kikamba kwa sauti ile ile. Mgeni akirusha mkono, naye anarusha. Kwetu Tawa kazi hiyo ilikuwa ya Mwau, na Mwau akikosea Kaluki alikuwa akimsahihisha chinichini pale benchi la mbele, mimi nikimkanyaga mguu anyamaze.

Basi Yvonne, binti wa pasta, alipoanzisha darasa la Kiingereza siku za Jumatano baada ya mkutano wa akina mama, Kaluki alifika wa kwanza. Mimi nilifika kwa sababu alinivuta mkono. Yvonne alisomea biashara chuo kikuu na kazi alikuwa hajapata, kwa hiyo muda alikuwa nao, na hasira kidogo. Alisema hatatufundisha mambo ya paka na mbwa, sisi si watoto wa nasari. Alikuwa akirekodi kwa simu habari za biashara za redio ya asubuhi, kisha anatuchezea sentensi moja moja. Maneno yao ni yale yale kila siku, alisema, na ndiyo tunayoyahitaji sokoni.

Hapo hakudanganya. Baada ya muda hata mimi muuza nyanya nilikuwa na langu la kusema. Mteja akinung'unika kwamba bei imepanda, namjibu, "Prices went up due to fuel, mama," yaani mafuta ndiyo yamezipandisha, na anatoa pesa akicheka. Kathini wa mboga alishika ile ya "closed until further notice", imefungwa mpaka mtakapoambiwa. Mumewe aliporudi amelewa alimsomea hiyo akiwa nyuma ya mlango uliofungwa. Tulicheka hadi tukasahau kuuza.

Kutafsiri kulikuwa kwa zamu. Simu inawekwa juu ya mimbari, mwenye zamu anasimama kando yake, tena wima, maana mhubiri ni hiyo simu. Wengine tuliona haya. Kaluki zamu yake ikifika alivaa kitambaa chake cha Krismasi.

Kwa kawaida Yvonne alisikiliza rekodi nyumbani kwanza. Jumatano ile alikuwa ametoka mjini Wote kwenye interview ya kazi, akaja mbio, akabonyeza tu. Nilimlaumu kwa hilo, kisha nikaacha.

Redio ikasema shilingi imetulia. Kaluki akapokea. Ikasema bei ya mahindi inatarajiwa kushuka. Akapokea vizuri zaidi, tukampigia makofi. Halafu ikataja kiwanda kimoja cha vyuma kule Athi River. Jina lake silitaji, lisije likachafua mdomo wangu, lakini sote tulilijua. Lilikuwa limeandikwa mgongoni mwa ovaroli ya Kitonga, mtoto wa pekee wa Kaluki, na kila Krismasi aliivaa sokoni kwa maringo. Kaluki akatabasamu. Alidhani kiwanda cha mwanawe kinasifiwa.

"Two workers died on Monday night when a furnace exploded."

Mdomo wake ulishazoea kupokea, ukapokea. "Wafanyakazi wawili walikufa Jumatatu usiku, wakati tanuru..." Akakwama kabla ya kusema kulipuka. Yvonne ndiye aliyekuwa akisimamisha rekodi kila sentensi ikiisha, lakini kidole chake kilikataa. Redio ikaendelea.

"The company said production was not affected."

Kisha ikaingia kwenye bei ya chai.

"Yvonne," Kaluki akasema, "hiyo affected ni nini?"

"Mwaitu," akamwita, yaani mama kwa Kikamba, "hebu tukae kwanza."

"Nimekuuliza affected ni nini."

"Ni kuathirika, mwaitu." Msichana alikuwa akilia tayari. "Kampuni inasema kazi haikusimama."

Tukampigia Kitonga. Hapatikani. Kaluki akasema betri ya simu yake ni mbovu, alishamwambia anunue nyingine. Alisema hivyo njia nzima mpaka Athi River, na mimi nikamwitikia njia nzima: ndiyo wifi, ni betri.

Getini askari aliuliza jina, akaingia ndani, akatoka akiangalia viatu vyake. Nyuma yake malori yalikuwa yakitoka, moja nyuma ya lingine, yamejaa vyuma vipya. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Baadaye ofisini walituambia kwamba walikuwa bado wanatafuta nambari yetu ya simu. Nambari ya redio waliipata.

Tulimrudisha Kitonga nyumbani, jeneza likiwa limepigwa misumari. Hawakuturuhusu tumwone. Kaluki aliomba aonyeshwe mkono tu, mkono mmoja, wakasema mama, afadhali usione. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Siku ya mazishi kampuni ilimtuma kijana mmoja wa suti, Mkenya kama sisi, na magunia ya unga na shada la maua ya plastiki. Pasta akampa maiki. Akasema atatumia Kiingereza, eti Kiswahili chake kina shida. Mwau akaweka koti lake sawa, akaanza kuja mbele. Ndipo Kaluki akasimama kutoka kwenye kiti chake kando ya jeneza.

"Kaa, Mwau," akasema. "Hii ni zamu yangu."

Nilimvuta leso. Akaitoa mkononi mwangu polepole, akaenda kusimama kando ya yule kijana, wima.

"We are here to stand with the family."

"Tumekuja kusimama na familia," Kaluki akapokea kwa Kikamba, na sauti yake ikafika hadi barabarani.

"Kitonga was a hardworking young man."

"Kitonga alikuwa kijana wa bidii."

"The company has lost one of its own."

"Kampuni imepoteza mtu wake." Kijana alirusha mkono, Kaluki naye akarusha. Hakukosea hata neno. Chini ya hema wanawake walianza kulia, yeye hakulia.

Kijana akashukuru, akataka kurudisha maiki. Kaluki akamshika mkono wa koti. Alikuwa hajawahi kusema Kiingereza chake mwenyewe mbele ya watu.

"Sir. Production, it was affected?"

Kijana akamtazama pasta, pasta akatazama chini. "Mama, I think today we should just..."

"Small question, sir. Monday night. It was affected?"

Nadhani alifikiri mama anaihurumia kampuni. Alilainisha sauti, akamwinamia. "No, mama. Don't worry. Production was not affected."

Kaluki akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa. Kisha akachukua maiki, akawageukia watu, akaipokea kwa sauti laini kama ya yule kijana.

"Anasema tusiwe na wasiwasi. Mtoto wangu alipokuwa akiungua, kazi haikusimama."

Akampa pasta maiki, akarudi kwenye kiti chake kando ya jeneza. Nikamfunika leso mabegani.