Je, Ukurasa Huu Umekusaidia?

Kama umewahi kubofya neno "Msaada" kwenye zile programu za ofisini, ukasoma, ukatoka umechanganyikiwa kuliko ulivyoingia, basi tulishakutana. Mwandishi ni mimi. Nalipwa kueleza namna ya kuandika barua, kupanga majedwali na kuchapa, na kazi hiyo nimekuwa nikiifanya kwa madaha ya mtu anayehutubia bunge. Nyumbani wananiita Profesa. Nilidhani ni sifa.

Fahari yangu ilikuwa ukurasa unaoeleza jinsi ya kuandika barua moja kwa watu wengi, kila mtu na jina lake. Chini ya kila ukurasa tunauliza kama umekusaidia, nawe unabofya Ndiyo au Hapana. Wenzangu walikuwa wakimiminiwa Hapana mpaka wanatia huruma. Ukurasa wangu ulijaa Ndiyo tupu. Bosi alipotangaza kwamba kurasa zote zitaandikwa upya, wangu alisema usiguswe, na mimi nikavimba kichwa. Ila kila mwandishi alitakiwa aende kumtazama mtumiaji mmoja akiwa kazini, akae kimya, asimsaidie hata kwa kidole. Wenzangu walitafuta watu wasiowajua. Mimi nilimchagua shangazi, dada yake marehemu baba, kwa sababu nilitaka kusifiwa na mtu anayejua kusifu.

Shangazi ni katibu wa chuo cha ufundi. Nilimkuta amevaa miwani, ukurasa wangu ameuchapa na kuubandika ukutani kando ya kalenda, na karibu kila mstari ameupaka rangi ya njano. Nilifurahi hadi nikasahau kusalimia. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo hakuwahi kuligusia kwenye simu.

"Mwanangu, leo usinisemeshe. Mkuu wa chuo anataka barua za wazazi kabla ya mchana. Zikiharibika tena ananipeleka stoo nikapange mafaili, na meza hii anampa mtu mwingine."

"Tena? Kwani ziliharibika lini?"

"Kaa hapo."

Nikakaa. Alianza vizuri, kidole kimoja kwenye kibodi, kingine kwenye karatasi ya ukutani. Halafu akafika pale nilipoandika: "Hakikisha orodha ya majina imeunganishwa ipasavyo kabla ya kuendelea." Sentensi hiyo niliipenda sana siku niliyoiandika, hata nilimsomea mke wangu. Shangazi aliisoma kwa sauti. Akatazama skrini, akatazama dari, akaisoma tena polepole kama maelezo ya dawa. Ndipo nilipong'amua kwamba hakuna mahali popote nilipokuwa nimesema orodha inaunganishwa vipi, wala kitufe chake kiko wapi. Mimi nilikijua, nikadhani dunia nzima inakijua.

Akakata shauri akaendelea. Printa ikanguruma, barua zikatoka, na kila moja ilianza kwa "Mpendwa JINA." Wazazi wote wa chuo kile walikuwa wa ukoo mmoja wa akina Jina. Shangazi alizikusanya haraka akazisukumia kwenye droo, akaifunga kwa goti. Kisha akarudi kwenye skrini, akaufungua ukurasa wangu, akashuka mpaka chini, akabofya Ndiyo.

Kimya kikanishinda. "Shangazi! Umekusaidia nini huo?"

"Haujanisaidia."

"Sasa mbona Ndiyo?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini watu husalimiana. "Nikubofyee Hapana? Mtoto wa kaka yangu? Kila asubuhi nakubofyea kabla sijavua koti. Na kwenye lile kundi letu la simu, ulilojitoa ukisema tuna kelele, nimewaambia wote wabofye. Babu yako mdogo hana hata kompyuta. Anaazima kwa jirani."

Kumbe wasomaji wangu wote walikuwa ndugu zangu, na kwa zile Ndiyo zao ukurasa mbovu ulikuwa umelindwa usiguswe.

"Barua zilipoharibika mara ile ya kwanza ulimwambia nini mkuu?"

"Nilimwambia nimezeeka."

"Si ungesema maelekezo ni mabaya?"

"Halafu aulize kaandika nani? Hapa wote wanakujua. Nimewaringia wee mpaka wamechoka."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na pia nilitaka kulia. Kanuni ya kukaa kimya nikaitupilia mbali. Nikavuta kiti, nikamwonyesha kitufe kilipo, akakibofya mwenyewe, na barua zikaanza kutoka na majina ya watu wa kweli. Tulikuwa bado tunazipanga mlango ulipofunguliwa akaingia mkuu wa chuo, mama mrefu mwenye funguo nyingi. Alichukua barua ya juu, akaisoma, akanitazama.

"Umemfanyia wewe?"

Shangazi alifungua mdomo, nami nikajua anakwenda kujizeesha tena. Nikamuwahi.

"Amefanya mwenyewe. Zile za mwanzo ziliharibika kwa sababu maelekezo yameruka hatua. Yeye alifuata kila neno. Niliyeandika ni mimi."

Mkuu aliigeukia karatasi ya ukutani, akaifuata mistari ya njano kwa ncha ya ufunguo. Nilisubiri matusi, na kwa kweli niliyastahili.

"Huu ukurasa," alisema mwishowe, "hata mimi niliujaribu nyumbani, kwa barua za harusi ya binti yangu. Ukanishinda. Nikanyamaza, maana nilidhani tatizo ni mimi."

Shangazi alivua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la blauzi, akaivaa tena ili amwone vizuri.

"Kwa hiyo mkuu," akasema, "stoo tungekwenda wote wawili?"