Nati za Mguu wa Kushoto

...na bomba nalo liko wapi, bila bomba nati hizi hazifunguki, mguu wa kushoto ulikuwa wa kaka yake, na nati iliyokazwa na kaka yake haifunguliwi kwa spana peke yake, ndiyo maana kazini walimwita Koleo, lazima uchomeke kipande cha bomba kwenye mpini wa spana, uning'inie, utukane kidogo... amelala chali chini ya ndege, saruji inamtia baridi mgongoni, ndege yao wenyewe, waliyoiunda wawili humu humu gereji kwa mbao, turubai na ubishi, wa kulia wangu, wa kushoto wako, walikubaliana tangu mwanzo, na wa kulia ameshaumaliza, amekaza, amepaka grisi, gurudumu linazunguka kimya, kesho mnunuzi anakuja, umebaki huu tu, na huu hakutaka kuugusa, maana nati hizi ndizo kazi ya mwisho ya mikono ya kaka yake, na kuzifungua ni kama... "Shemeji, chai inapoa!" mke wa marehemu, mlangoni, "Nakuja, shemeji," wala haendi, anakumbuka siku walipobadilisha bolti zote za miguu, kaka yake kalala hapa hapa, anahema, anatania, we mtoto, shika tochi vizuri, acha kunimulika pua, alikawia sana upande wake siku ile, akatoka kalowa jasho, akasema tayari, na tangu hapo ndege haikuruka tena, leo upepo, kesho mawingu, keshokutwa mgongo, mpaka yeye akachoka akamwambia mbele ya watu, sema tu umekuwa mwoga, Koleo, na kaka yake akacheka, akajifuta mikono kwa tambara, mikono isiyokuwa na mafuta hata kidogo... ugonjwa ulipojulikana ulimmaliza upesi, na hasira ile alikuwa hajaimeza, alimzika nayo... haya, bomba halionekani, basi, anaiweka spana kwenye nati, anakunja uso, anajiandaa kuvuta kwa nguvu zote, na spana inakwenda. Inakwenda tu, bila kugoma, anaiweka chini, anajaribu kwa vidole viwili, nati inazunguka kama kifuniko cha chupa, ya pili vilevile, ya tatu vilevile... kwa hiyo mikono ilikuwa imeshakwisha nguvu siku ile, kaka, ulilala hapa unapigana na nati na mimi nakumulika pua, ukashindwa kukaza, ukashindwa na kuniomba nikukazie, basi ukaizuia ndege isiruke, upepo, mawingu, mgongo, ukaona heri nikuite mwoga kuliko niruke na mguu uliolegea, na mimi nikakuita... machozi yanamwingia masikioni kwa kuwa yuko chali. "Shemeji, zinafunguka?" kandambili za mwanamke zimesimama kando ya gurudumu, "au nikuletee lile bomba? Nilikuwa nazuilia mlango wa jikoni." Anairudisha nati ya kwanza kwa vidole, kisha ya pili, kisha ya tatu, taratibu, mpaka pale pale zilipokuwa. "Niletee, shemeji," anasema, "alizikaza mno huyu." "Mkono wa mume wangu huo!" anasema mwanamke, na anacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kandambili zinaondoka kufuata bomba, na yeye anabaki chali chini ya mguu wa kushoto, spana mkononi, akimsubiri.