Barua Niliyoiandika kwa Wino Mweusi

Mjukuu wangu alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja nilipoiandika barua ile. Niliiandika kwa mkono, kwa wino mweusi, nikaiwekea tarehe na sahihi kama walimu wangu wa misheni walivyonizoeza, na nilipoikunja niliridhika nayo. Sitasema kwamba sikujua nilichokuwa nikifanya. Kila neno nililipima.

Mama yake, ambaye ni binti yangu na fundi wa kushona sare, alikuwa amekwenda mafunzoni miezi mitatu, akaniachia mtoto katika nyumba tunayoishi sote watatu. Mwalimu wa darasa akaniletea kikaratasi: mtoto hawezi kusimama hadi mwisho wa gwaride la asubuhi, na siku nyingine hamalizi kunakili kazi ubaoni, akisema vidole na magoti vinamuuma, je, nyumbani anajulikana kuwa mgonjwa? Nami Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiruka kamba na binti wa jirani hadi jua likazama. Nilikuwa nimeiongoza shule hiyohiyo kwa miaka kumi na tisa, na nilijisifu kwamba mtoto wa kutegea namtambua kwa mwendo wake tu. Nikajibu: "Mtoto huyu ni mzima. Maumivu yake huja siku za shule, na siku za mapumziko huondoka. Naomba asidekezwe."

Hawakumdekeza. Kwa miaka miwili alisimama gwarideni kama wenzake, na asipomaliza kunakili alibakizwa darasani wakati wenzake wakicheza. Jioni aliketi kwenye ngazi ya mlango akivua viatu kwa kusukuma kisigino kwa ncha ya mguu mwingine, kwa kuwa vidole vya mikono vilikataa kufungua kamba zake. Nami nilimwambia, "Jikaze, mke wangu. Jikaze kisabuni."

"Nimejikaza mpaka povu limeisha, bwana mzee," alinijibu, kwa utani wa babu na mjukuu.

Nilicheka. Kicheko hicho ndicho kinachonirudia sasa kuliko hata barua yenyewe.

Mwaka huu daktari wa viungo alimpima damu, akamkunja na kumkunjua magoti, akatueleza kwamba ni ugonjwa wa kudumu. Una siku nyepesi na siku nzito, akasema, na mtoto akiitumia yote ile nyepesi, inayofuata huwa nzito zaidi. Kisha akamwuliza kama aliwahi kusema shuleni.

"Nilisema. Kuna mtu akawaambia naongopa. Nadhani ni yule mwalimu wa hesabu, hanipendi."

"Mwalimu wa hesabu atanitambua!" akasema binti yangu.

Mimi niliitazama picha ya mifupa iliyobandikwa ukutani. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaiacha ipite.

Daktari akaandika barua ya kuomba kwamba katika mtihani wa mwisho mtoto apewe nusu saa ya ziada kila somo, kiti chenye mgongo na mto, na ruhusa ya kuinuka na kujinyoosha. Binti yangu alikuwa na sare za shule nzima za kumaliza. Nikajitolea kuipeleka, naye akanishukuru. Shukrani hiyo niliipokea.

Mwalimu mkuu wa sasa ni mwanamke niliyempokea mimi kazini akiwa bado kijana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Alikuwa na jalada la mtoto mezani, limefunguliwa. "Kamati ya mitihani inataka nakala ya jalada zima," akasema. "Barua ya daktari ni ya wiki hii. Hii yako ni ya miaka miwili. Wakizisoma pamoja watasema babu mtu, tena mwalimu, ndiye anayemjua mtoto. Watakataa."

"Basi itoe."

Akavua miwani. "Mwalimu, wakumbuka mwaka wangu wa kwanza? Nilichana taarifa niliyoikosea. Ukaniita Jumamosi niokote vipande kwenye ndoo ya taka, nivigandishe kwa gundi kimoja kimoja. Ukasema karatasi ikishaingia jaladani haitoki. Ukikosea, andika nyingine iwekwe juu yake."

"Nilisema."

"Nilikulaani wiki nzima!" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini ndivyo ninavyofanya kazi mpaka leo. Andika nyingine, Mwalimu. Na mtoto azisome zote. Fomu inataka sahihi yake kwamba amesoma kila kinachopelekwa juu yake. Mwisho ni kesho saa sita mchana."

Hapo nikamwuliza jambo ambalo enzi zangu ningemfukuzia mtu kazi: je, hawezi kutia sahihi bila kusoma? Alinisogezea karatasi tupu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda shuleni na mjukuu wangu. "Bwana mzee, tai yote hiyo ya nini?" akaniuliza njiani. "Unakwenda kuposa mwingine?" Nikasema kuna shughuli ofisini. Ilikuwa siku nzito kwake, tulitembea polepole, na njia nzima nilikuwa na muda wa kumweleza. Sikumweleza.

Ofisini aliisoma barua ya daktari, kisha akaishika ya pili. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko mistari yake.

"Huu mwandiko wako, Babu."

"Ndio wangu."

"Kumbe mwalimu wa hesabu nimemsingizia."

"Ndiyo."

"Mama anajua?"

"Bado. Nitamwambia leo."

"Ile Jumapili baada ya kuruka kamba nilishindwa kuinuka kitandani. Nilikwambia. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Sikukuamini." Sababu nilikuwa nazo nyingi, zote zimejipanga. Sikuitoa hata moja.

Akasoma ya tatu, niliyoiandika jana yake: kwamba barua yangu ya kwanza haikuwa kweli, kwamba sikumwuliza daktari, na kwamba mtoto alisema kweli tangu mwanzo. Akanirudishia.

"Haijaisha. Andika na gwaride. Na kubakizwa darasani."

Nikaandika. "Siku ngapi?"

"Sikuhesabu. Andika nyingi."

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa, maana waliombakiza walikuwa walimu wake. Mtoto akaichukua kalamu kwa kuibana katikati ya vidole viwili, akatia sahihi herufi moja moja. Nilinyoosha mkono nimshikie karatasi isiteleze. Akaikandamiza kwa kiwiko chake mwenyewe. Mwalimu mkuu akagonga mhuri, akasema, "Kuanzia leo gwarideni utakaa kwenye kiti, mwanangu. Kwa hilo sihitaji kusubiri kamati."

Kutoka hapo nilikwenda karakana ya ushonaji. Binti yangu alinisikiliza mguu wake ukiwa kwenye pedali, wala hakuuinua mpaka mshono ulipofika mwisho.

"Na mimi nilikuwa tayari kumtukana mwalimu wa watu," akasema. "Miaka miwili, Baba. Mimi nashona sare za watoto wa wenzangu, nawe umemkalisha wangu na maumivu." Akakata uzi kwa meno. "Nenda. Nina kazi."

Majibu ya kamati yalikuja baada ya wiki tatu: nusu saa, kiti na ruhusa, vyote vimekubaliwa. Mjukuu wangu alitusomea barua yao sebuleni, akisimama mara mbili kujinyoosha. Mimi ndimi niliyekuwa nikitunza karatasi zote za nyumba ile, na alipomaliza nilikuwa nimekwishanyoosha mkono. Akaikunja, akampa mama yake.

"Iweke wewe, Mama," akasema.