Mteremko wa Qamara

Emilian hakuwa anamchukia Qamara. Alichoka tu kulisikia jina lake. Akienda kunyoa, Qamara. Akienda kuchaji simu, Qamara. Hata watoto wa shule ya msingi pale Katesh walikuwa wanachora ubao wa kutelezea, ule wa magurudumu manne, kwenye madaftari, chini wanaandika Qamara, utafikiri anachezea timu ya taifa.

Na si walianza wote? Form Four wamemaliza mwaka uleule, ubao wameuokota pamoja kwenye mitumba ya mnadani. Kilichowatenganisha ni siku moja tu. Mvua ilikuwa imenyesha, Emilian akasema ngoja lami ikauke kwanza. Qamara hakungoja. Akashuka mteremko wa sokoni, akang'oka jino la mbele, akapanda akashuka tena. Kuanzia hapo yeye ndiye mtu wa kwanza Hanang nzima kuteleza mtaani, na Emilian ni yule mwenzake.

Sasa akaja dada mmoja kutoka Arusha, Judica, ana klabu ya mchezo huo. Alikuwa na nafasi moja. Atakayeipata ataenda kuishi huko, afundishe watoto na kushindana. Akasema Jumamosi atawarekodi wote wawili ndipo achague.

Emilian hakulala vizuri wiki nzima. Halafu akakumbuka kitu. Qamara kalelewa na babu yake kule Maretadu, na kwa babu huyo, kumpita mzee ukiwa juu ya baiskeli ilikuwa kosa la kunyimwa chakula. Kwa hiyo hata akiwa kwenye mwendo, akimwona mzee lazima ashuke asalimie. Video ya mtu anayeshukashuka nani ataitaka?

Jumamosi akamwomba bibi yake, Bibi Mectilda, kuni zake apitishie pale kwenye mteremko, eti njia ya nyuma ina tope.

Emilian akateleza wa kwanza, safi kabisa. Judica akasema vizuri. Vizuri tu, basi.

Qamara akaja kwa kasi, akaruka ngazi za duka la mbolea, akatua, na hapo hapo Bibi akatokeza. Qamara akaruka chini ubao ukiwa bado unakimbia, akakimbia nao hatua tatu, akaukanyaga mkia ukasimama wima mkononi mwake. Kichwa tayari kimeinama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujaumia?"

Emilian akatazama kamera, moyoni anacheka. Judica alikuwa ameishusha, mdomo wazi.

"Huyu kashukaje vile?" akauliza. "Arusha nzima sijaona mtu anashuka hivyo. Nataka nirekodi tena kwa karibu. Emilian, yule si bibi yako? Mwombe apite tena, na mzigo umsaidie kupandisha."

Basi Emilian akabeba kuni za bibi yake mpaka juu. Bibi akashuka nazo, Qamara akaruka, shikamoo, marahaba. Judica akasema jua limeingia kwenye kioo cha kamera, turudie. Mara nne. Mara ya nne shingo ya Emilian ilikuwa imechubuka, na Bibi alikuwa anajitengeneza kitenge kabla ya kushuka, anaulizia kama ataonekana mpaka Mbulu.

Jumatatu Qamara akapanda basi la Arusha. Kabla hajapanda akamkumbatia Emilian, akamwambia ubao anamwachia, huko atapewa mwingine.

"Bila bibi yako nisingeenda, ndugu yangu," akasema. "Sasa hapa wewe ndiye wa kwanza."

Emilian alitaka kusema ukweli. Akasema safari njema.

Jioni akapanda juu ya mteremko peke yake, akashuka akaruka zile ngazi, akatua bila kuyumba. Watoto walikuwa wamejipanga pembeni. Mmoja akamfuata mbio, akamshika shati.

"Kaka, Qamara anarudi lini?"