Rimoti ya Bububu

Saa nne asubuhi Khalil alikuwa kajikunja chini ya usukani wa Corolla nyeupe, kichwa ndani miguu nje, anakipapasa kile kitufe cha siri cha alamu. King'ora kikalia: twii! Mtaa mzima wa Mlandege ukageuka.

"We Khalil, utatuua kwa moyo!" Bi Mwatum muuza urojo akapiga ukelele.

"Nisamehe Bi Mwatum, namalizia."

Mwenye gari, Bwana Msabah, hakucheka. Huyu ndiye afisa wa vibali. Wiki ya pili hii vibanda vya barabarani vinabomolewa, na cha Khalil, mabati manne na meza moja, kishapigwa alama ya X nyekundu. Bwana Msabah kamwambia, nitilie rimoti mpya ya mke wangu, yake imeanguka kisimani, na mimi X yako ntaifuta. Bwana we, nani angekataa? Khalil ana watoto watatu, na kazi nyengine haijui.

Mke mwenyewe, Bi Arwa, kakaa siti ya mbele, rimoti mpya anayo mkononi.

"Hizi alamu zina tabia mbaya," Khalil akasema, anajifuta jasho. "Nikiifundisha upya inazisahau zote za zamani. Lazima zote ziwepo hapa, niziingize pamoja. Isiyokuwepo, khalas, imekufa."

"Zipo," Bwana Msabah akajibu. "Yangu na hiyo."

"Na ile ya tatu?"

Loh! Ulimi hauna mfupa. Khalil ndiye aliyeifunga alamu ile mwaka jana, na kwa mkono wake mwenyewe alimpa bwana rimoti tatu. Bi Arwa akageuka.

"Ya tatu ipi?" Bi Arwa akauliza taratibu. "Khalil mwanangu, ulitoa ngapi?"

Bwana Msabah akaitazama tu ile X.

"Mbili, Bi Arwa. Nimechanganya na gari ya mtu mwengine."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akaziingiza mbili. Twii. Twii.

Baada ya Alasiri Bwana Msabah akarudi, peke yake, rimoti ya tatu mkononi, shati limemganda mgongoni.

"Ya kule Bububu haifungui! Bibie wa huko ananuna, anasema nimemfungia gari makusudi. Itie sasa hivi!"

"Nshakwambia, bwana. Nikitia yako na hiyo, ya Bi Arwa inakufa. Kaichukue yake, uje nazo zote."

"Nikamwambie nini?"

"Sijui. Na X yangu?"

"X yako inabaki! Nusura univunjie nyumba kwa mdomo wako. Kesho trekta linaanza na wewe."

Khalil akapanda juu ya meza, akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari ya bati la kwanza. Bora alitoe mwenyewe likiwa zima.

Bwana Msabah akaona hana tena cha kumtishia, akalainika ghafla. "Khalil, ndugu yangu, shuka tuzungumze. Niandikie japo karatasi nikamwoneshe wa Bububu, useme alamu ni mbovu."

"Leo nshaapa uwongo kwa ajili yako mara moja," Khalil akasema, bila kugeuka. "Kiapo cha pili kaape mwenyewe."

Msumari ukatoka. Akaushika kwa meno, akaendelea na wa pili.