Trekta la Kisima Kilicholala

Fadhil hakuwa mwongo. Hilo liwekwe wazi mapema, maana huko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, wapo wanaomwita hivyo hadi leo. Siku alipopeleka posa ya kumwoa Suhaila, na Bi Mwatum, mama wa binti huyo, akamuuliza anafanya kazi gani, alijibu, "Naendesha trekta, mama," na ilikuwa kweli tupu. Kilichobaki alitaka kukieleza, ila Bi Mwatum hakuwa mtu wa kungoja sentensi ya mwenzake ifike mwisho.

"Trekta!" alidaka. "Alhamdulillahi! Suhaila, leta maji ya kunywa. Wa kwanza alikuja mwalimu, nikamwambia chaki hailimi. Wa pili fundi simu, nikamwambia simu yenyewe haijui jembe. Mie nina majaruba ya mpunga, nina mgongo mbovu, na Mungu kanisikia."

"Lakini mama, trekta lenyewe..."

"Ni la kampuni, najua. Hata gari la harusi huwa la kuazima. Kunywa maji, mwanangu."

Fadhil akanywa maji. Mtu akishakunywa maji ya ukweni, ukweli huteremka nayo, na kuutapika baadaye ni kazi.

Trekta lake lilikuwa hivi. Kampuni iliyomwajiri huhudumia visima vya gesi huko kusini, na karakana yake ya kutengeneza vyombo iko Tanga mjini. Visima vya siku hizi havishuki tu chini kama kisima cha maji. Vinashuka, halafu huko chini vinakata kona na kulala, vinakwenda ubavuni mwa ardhi kilomita nzima. Chombo ukikiteremsha kwa waya kinashuka vizuri kwa uzito wake, lakini kikifika penye kona nacho kinalala, kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda. Ndipo huitwa trekta: roboti nyembamba, ndefu kama mlingoti, yenye vigurudumu vilivyokunjwa tumboni. Vikifunguka husukuma kuta za bomba pande zote, na roboti hutambaa ikivuta vyombo vingine nyuma yake. Fadhil hukaa juu, mbele ya skrini, akiliendesha kwa vidole. Wahandisi ndio waliolipa jina hilo, na wahandisi hawakufikiria wakwe.

Mwezi wa pili ukaisha, masika yakawa yananukia. Bi Mwatum akapiga simu.

"Fadhil! Jumamosi nalitaka trekta jarubani. Watu nishawatangazia, mchele wa pilau nishaununua. Huyu Miraji mwenye pawatila, kijitrekta cha kusukuma kwa mikono, kanicheka mbele ya kisima cha mtaa, ati trekta la mkwe wangu ni la mdomoni. Na yeye kaleta posa. Lisipokuja Jumamosi, Jumapili nampokelea."

"Mama, trekta langu halilimi..."

"Halilimi mvua ikishanyesha, nani asiyejua? Ndo maana nimesema Jumamosi!"

Simu ikakatwa. Fadhil akabaki ameishika. Alimpenda Suhaila kwa namna isiyo na dawa, na hapo aliiona sura ya Miraji akiwa amekaa kwenye jamvi la harusi, pawatila limeegeshwa nje limevishwa maua.

Alimwendea mkubwa wake, mhandisi Beatrisi, akamweleza yote. Mhandisi Beatrisi alicheka mpaka akakaa sakafuni na ovaroli lake. Alipopata pumzi, alimpa ushauri wa maana kuliko wote aliowahi kumpa: kama mama huyo hasikii kwa masikio, aone kwa macho. Kulikuwa na trekta zee pale karakana, lisiloshuka tena kisimani, wanalitumia kufundishia. Alimruhusu alichukue kwa siku moja.

"Mwonyeshe, mwambie ukweli, kisha mwombe radhi," alisema. "Na likipinda, kisimani utatambaa wewe."

Ili lisipinde, Fadhil na mwenzake Rafaeli, dereva wa pikapu ya kampuni, walilifunga juu ya ngazi ya bati jepesi. Wakalizungushia blanketi, na juu ya blanketi turubai la kijani. Rafaeli alikuwa Mshambaa wa Bumbuli, Mlutheri wa kuimba kwaya, mtu mwema sana, na wala hakuona ajabu yoyote katika walichokifunga. Fadhil, mtoto wa pwani, angepaswa kuona. Lakini njia nzima kutoka Tanga mpaka Pangani alikuwa akijifunza maneno ya kuomba radhi, na mtu anayejifunza kuomba radhi haoni hata tembo.

Walipovuka mto na kuteremka kwenye pantoni upande wa Bweni, pikapu ilipanda mlima mfupi, ikakohoa, ikazima. Rafaeli akafungua boneti, akaifunga tena kwa heshima.

"Kwa mama mkwe ni mbali?"

"Hapana. Tulibebe."

Wakaiweka ngazi mabegani, Fadhil mbele, Rafaeli nyuma, wakaanza kwenda taratibu. Kwenye baraza moja kando ya njia alikuwapo Mzee Sadalla, mtu wa kwanza kufika katika kila maziko ya Bweni na wa mwisho kuondoka penye chakula. Mzee Sadalla aliliona turubai la kijani, akatua kikombe cha kahawa, akasimama.

"Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun," alisema. Na wote waliokuwa naye wakasimama.

Sasa, pwani jeneza hufunikwa kijani, na likipita huulizi ni la nani. Unaacha ulichoshika, unakwenda kutia bega, kwa sababu nawe siku yako iko njiani. Kabla Fadhil hajageuka, bega lake lilishapokewa na mwingine, na huyo na mwingine, na dhikri imepanda. Alifungua kinywa kusema, "Jamani, hili si..." sauti ikamezwa. Alijaribu tena, mzee mmoja akamkumbatia, akamwambia, "Subira, mwanangu, subira." Mara ya tatu hakujaribu. Alikuwa ameingiwa na woga, tuseme ukweli. Jambo kama hilo ukilikanusha mwanzoni ni kosa dogo, ukilikanusha katikati ni fedheha, na kila hatua ilikuwa inampeleka katikati.

"Anapelekwa wapi?" aliulizwa.

"Kwa Bi Mwatum," alijibu, kwa kuwa hilo angalau lilikuwa kweli.

Neno likatangulia mbele kuliko miguu. Wanaume wa majumbani waliposikia maiti amevuka na maziko ni kwa Bi Mwatum, wenye majembe wakachukua majembe, wenye makoleo wakachukua makoleo, kwa kuwa kaburi halijichimbi.

Nyuma ya ngazi, Mzee Sadalla alikuwa bega kwa bega na Rafaeli.

"Marehemu mrefu, mashaallah."

Rafaeli, aliyedhani hizo ni nyimbo za kubebea mzigo, aliona watu wa pwani wana utani mzuri, kukiita chombo kizee marehemu. "Hili fupi, mzee. Yapo marefu kuliko hili."

"Kafia wapi?"

"Kisimani, huko kusini. Lilikwama siku tatu, tukalivuta kwa waya."

Mzee Sadalla alishtuka. Mtu kufia kisimani ni msiba, lakini kusemwa "lilikwama" mbele ya wafiwa ni msiba wa pili. Akaupima kwa macho ule urefu wa turubai, kisha akamsamehe kijana wa watu: kwa kimo kile, marehemu kweli alikuwa jitu.

"Na nduguze?"

"Yamebaki mawili karakana, yako mezani. Tumeyafungua matumbo tuone ndani mna nini."

Mzee Sadalla hakuuliza tena. Aliongeza mwendo, na jeneza zima likaongeza mwendo naye.

Uani kwa Bi Mwatum pilau lilikuwa limeshaiva. Watu wa mbele waliponusa harufu walinong'onezana kwamba mama huyu ana moyo, msiba haujafika na chakula kimeshafika. Bi Mwatum alitoka kwa furaha, amejitanda kanga mpya, macho yakitafuta magurudumu makubwa. Aliona jeneza. Akaona majembe. Akaona Fadhil anakuja nyuma ya umati, uso umemshuka.

"Yarabi! Nani? Nani kafa?" alipiga ukelele. "Suhaila! Suhaila uko wapi?"

"Niko hapa, mama," alijibu Suhaila kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Basi nani?"

Ngazi ikatuliwa chini. Dhikri ikanyamaza. Mzee Sadalla akamtazama Rafaeli, Rafaeli akamtazama Fadhil, na Bweni nzima ikamtazama Fadhil.

"Shikamoo, mama," alisema Fadhil, maana hakujua pa kuanzia. "Hilo ni trekta."

Akapiga magoti, akafungua kamba, akatoa turubai na blanketi. Ikaonekana fimbo ya chuma ndefu, imechakaa, kichwani ina skrubu. Rafaeli, akitaka kusaidia, alizungusha kijifungo cha ubavuni, na vigurudumu vikachomoka vyote kwa pamoja, vikabaki hewani kama miguu ya kombamwiko aliyelala chali. Wazee wawili waliruka nyuma.

Fadhil akaeleza. Alieleza kisima kinavyoshuka na kulala, trekta linavyotambaa ndani ya bomba, na kwamba nje ya bomba haliwezi kwenda popote, wala kulima hata chungu cha ua. Alisema aliulizwa kazi akajibu, na alitaka kumalizia hakupata nafasi, lakini nafasi nyingine angeitafuta na hakuitafuta, kwa sababu aliogopa kumkosa Suhaila. "Nisamehe, mama," alimaliza. Ilikuwa mara ya kwanza Bi Mwatum kumwacha mtu afike mwisho wa sentensi.

Bi Mwatum alikisogelea kile chuma, akakigusa kigurudumu kimoja kwa kidole cha mguu.

"Hivi ndo nimewatangazia watu," alisema polepole. Miraji, aliyekuja na jembe kama wenzake, alicheka mpaka akaliegemea. Macho ya Bi Mwatum yakajaa machozi, na Fadhil akatamani kisima chochote kiwe karibu, kilichosimama au kilicholala, ajitose.

Suhaila akatoka jikoni, akasimama kando ya Fadhil.

"Mama, mie nilijua. Alinieleza siku ya kwanza, akanichorea hata mchangani. Wewe uliona matairi makubwa, nami nikakuacha uyaone. Ukimkatalia kwa uongo, mwongo ni mimi. Nilimtaka yeye."

"Unalisema hilo mbele za watu, Suhaila?"

"Nimeshalisema, mama."

Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, na Suhaila hakuondoka pale aliposimama. Watu walianza kutazama chini, kila mmoja akiona haya kwa niaba ya mwenzake, na wa nyuma wakaanza kujivuta kuelekea njiani na majembe yao.

Ndipo Mzee Sadalla akakohoa. Alikuwa amesimama upande wa upepo, na upepo ulikuwa unatoka kwenye sufuria.

"Ngojeni," alisema. "Jembe lililotoka nyumbani kwa nia ya maziko halirudi kavu. Ni nuksi. Lisipogusa udongo leo, kesho litautafuta lenyewe, na Mungu ndiye ajuaye litamchimbia nani."

Mila hiyo hakuna aliyewahi kuisikia, wala Mzee Sadalla mwenyewe kabla ya dakika ile. Lakini watu waliyatazama majembe yao kwa jicho jipya, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulirudisha lake likiwa kavu.

"Sasa tuchimbe wapi, na maiti hatuna?" mmoja aliuliza.

"Majaruba si yale pale?" alisema Mzee Sadalla. "Twende, kisha tutakula."

Wakaingia shambani wote. Walilima kwa safu, na kwa kuwa walikuwa na dhikri vinywani walilima kwa dhikri, na udongo ukafuata. Rafaeli akapewa koleo, akaimba kwaya ya kwao kwa sauti ya chini, ikaoana vizuri tu. Miraji alijaribu kusema kwamba pawatila lake lingemaliza kazi ile kwa saa moja, akaambiwa afunge mdomo asije kuondoka na nuksi. Naye Fadhil aliyeyaanzisha yote akaokota jembe la mtu aliyekwenda kunywa maji, akajipanga mwisho wa safu.

Alasiri ikaingia, majaruba yakiwa yamegeuzwa karibu yote. Mama mmoja aliyechelewa kupata habari alifika uani mbio, kanga kichwani, ameshaandaa machozi.

"Poleni, Bi Mwatum! Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu. Mkwe wangu kaleta trekta."

Fadhil alilisikia neno hilo kutoka jarubani, jembe likamponyoka.

"Trekta?" Yule mama alitazama huku na huku, akakiona chuma kilicholala uani miguu juu, hakukielewa. "Liko wapi?"

Bi Mwatum alinyoosha mkono kuelekea ile safu ya migongo iliyoinama, inainuka na kushuka kwa pamoja, tope likiruka.

"Lile kule. Huoni linalima? Na dereva ndo yule wa mwisho, aliyeshika jembe kama mwiko."